Kabla ya kusambaza habari ya maradhi, uliza sanadi yake

 

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia minyoo, maji ya kunywa, usafi wa vyoo na chakula cha watoto. Leo tuviweke kando kidogo tuangalie kitu kingine kinachoingia majumbani mwetu bila kubisha hodi, nacho kinaua: habari ya uongo juu ya maradhi.

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2024, zikiwa zimebaki siku mbili tatu mwezi wa Ramadhani umalizike, watu wapatao 130 walipanda chombo kimoja cha uvuvi katika eneo la Lunga, mwambao wa jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Huo ni mwambao wenye Waislamu wengi, ndugu zetu kabisa. Walikuwa wanaelekea Kisiwa cha Msumbiji. Chombo hakikuwa cha abiria na kilijaa kupita kiasi. Kilizama, wakafa zaidi ya watu 90, wengi wao watoto. Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiuun.

Sasa ulizeni walikuwa wanakimbia nini. Viongozi wa jimbo walieleza kwamba watu wale walikuwa wamepata hofu kutokana na habari za uongo zilizoenea kuhusu kipindupindu. Hapakuwa na vita pale. Kipindupindu chenyewe ni ugonjwa ambao ukiwahiwa matibabu, katika wagonjwa mia moja hafi hata mmoja. Bahari ilimaliza kwa muda mfupi watu ambao huenda pakiti za ORS na maji ya klorini vingewatosha.

Huko Nampula jambo hili lina historia ndefu. Kwa Kireno, klorini huitwa cloro na kipindupindu huitwa cólera. Majina yanakaribiana masikioni. Kipindupindu kikiingia kijijini, wahudumu wa afya hufika na dawa ya klorini ya kutia visimani. Mwanakijiji anaona hivi: wamekuja watu na mifuko ya cloro, kisha watu wakafa kwa cólera. Basi hao ndio wanaoleta ugonjwa! Kwa miaka mingi wahudumu wa afya, watu wa Msalaba Mwekundu na hata viongozi wa vijiji wamepigwa huko, na wengine wameuawa, kwa dhana hiyo.

Usicheke, ndugu msomaji, na usiseme hao ni wajinga. Mtu anayefika baada ya moto kuwaka na ndoo mkononi, ukimwona kwa mbali bila kujua moto ulianza lini, unaweza kudhani ndiye aliyewasha. Kosa ni lile lile tunalofanya hapa Saza tunaposema, "Wamekuja wa chanjo, baada ya wiki mtoto akaugua." Wapo watoto wengi wanaougua kila wiki, wa chanjo waje wasije.

Na sisi tuko njiani. Saza ni mahali pa dhahabu tangu enzi za mkoloni; watu wanakuja kutoka kila pembe, wanalala karibu na maduara na makarasha, vyoo vichache, maji ya kugombania. Tunduma nako magari makubwa yanasubiri kuvuka kwenda Nakonde usiku na mchana. Zambia ilipopigwa na kipindupindu kuanzia Oktoba 2023 hadi mwaka uliofuata, wakaugua zaidi ya watu 20,000 na kufa zaidi ya 700, habari zilivuka mpaka kabla ya ugonjwa. Simu zilijaa sauti za kurekodi: mara usile samaki, mara kunywa pombe kali kunaua vijidudu (tena yakisambazwa na watu wanaosali!), mara maji ya klorini yanaharibu nguvu za kiume.

Basi tuseme yaliyo kweli tukayamaliza. Kipindupindu huletwa na bakteria anayetoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine kupitia maji, chakula au mikono. Dalili hutokea kati ya saa chache na siku tano. Mgonjwa huharisha maji maji kama ya kuoshea mchele, hutapika, na akikauka maji mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache. Klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti huua bakteria huyo na haigusi nguvu za kiume wala uzazi wa mwanamke. Mgonjwa apewe ORS tangu anapoanza kuharisha, hapo hapo nyumbani, huku mkimpeleka kituoni. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visijae kichuguu. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Nakuongezea moja kwa kuwa linaleta ugomvi misikitini: afisa afya akiitwa kusimamia maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu, hakuja kumnyima Muislamu haki yake ya kuoshwa na kusaliwa. Amekuja kwa sababu maji yanayotoka katika mwili ule yana vijidudu vingi, na wanaoosha bila glovu na dawa, kisha wakala chakula cha msibani, ndio wanaofuata. Kaeni naye mapema, mkubaliane namna ya kuosha kwa usalama.

SANADI YA HABARI

Tuliosoma madrasa tulifundishwa kwamba hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kutoka kwa mwingine. Maneno yakiwa matamu namna gani, kama katika mlolongo yumo mtu asiyejulikana, au yumo mwongo, au hawa wawili hawakupata kuonana, wanazuoni huyaweka kando. Imam Bukhari alisafiri nchi kwa nchi kwa kazi hiyo. Watu walitumia umri wao kuuliza: umeisikia kwa nani, na yeye kwa nani, na alikuwa na kumbukumbu nzuri?

Umma wenye elimu hiyo leo unapokea ujumbe wa simu ulioandikwa "daktari mmoja bingwa wa India amesema" na kuusambaza kwa watu mia mbili kabla chai haijapoa. Daktari gani? India ipi, yenye watu zaidi ya bilioni moja? Nani alimsikia? Huyo kwa wanazuoni wetu wa hadithi anaitwa majhuul, asiyejulikana, na riwaya yake haisimami. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mtu kusimulia kila anachokisikia kunatosha kumfanya awe mwongo. Hakusema ni lazima awe ameitunga mwenyewe.

Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuchunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa iliteremka baada ya kuletwa habari kwamba kabila la Banul Mustaliq wamekataa kutoa zaka, na kumbe si kweli. Ilibaki kidogo watu wapigane kwa habari isiyochunguzwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akawaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamshauri arudi na watu wake, naye akaazimia kurudi. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwepo wakati wa mashauriano, akasema mimi nina elimu ya jambo hili, nilimsikia Mtume (s.a.w.) mwenyewe: msiingie katika nchi yenye tauni, na ikiwakuta mkiwa humo msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi. Angalia utaratibu wake. Aliuliza, akauliza tena, na hakuona unyonge kwa Amiri wa Waumini kusema sijui niambieni. Na aliyeleta neno la kuwatuliza watu wote alikuwa yule aliyesikia kwa masikio yake.

KANO, NA SAFARI YA KIRUSI

Pengine unasema habari za uongo zinawadhuru wanaoziamini tu. Sikiliza ya Kano.

Katikati ya mwaka 2003, viongozi wa dini na serikali katika majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano ikiwa mbele, walisimamisha chanjo ya polio. Ilisemwa chanjo imetiwa dawa ya kufunga uzazi ili kupunguza Waislamu, na kwamba ina virusi vya Ukimwi. Mmoja wa waliolisemea sana jambo hilo, Dk. Datti Ahmed, alikuwa ni daktari kwa taaluma. Kwa hiyo usidhani cheo peke yake kinatosha kuwa sanadi.

Tuwe waadilifu. Hofu ya watu wa Kano haikuota kwenye jiwe. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya ya Trovan kwa watoto mjini Kano. Watoto 11 walifariki katika jaribio lile, wengine wakabaki na ulemavu. Kesi ilisumbua miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Watu waliotendewa hivyo wana haki ya kuuliza maswali makali kuhusu dawa yoyote, na mhudumu wa afya anayekasirika akiulizwa anafanya kazi ya mzushi. Lakini haki ya kuuliza inakwenda na wajibu wa kungoja jibu. Kano ilingoja karibu mwaka mzima huku watoto wakipooza, mpaka ilipopatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu, na kuridhiwa. Mwishoni mwa Julai 2004 chanjo ikaanza tena.

Wakati huo kirusi kilishafunga safari. Kilitoka Nigeria kikaingia nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimeshaisahau polio, kikafika Sudan, kikavuka hadi Saudi Arabia. Mwaka 2005 kikalipuka Yemen, wakapooza watoto zaidi ya 400. Mwaka huo huo kikafika Indonesia, ambayo haikuwa na polio kwa miaka kumi, kikapooza watoto zaidi ya 300. Indonesia ile ile iliyowatengenezea watu wa Kano chanjo! Wote hao wazazi wao ni Waislamu, na hawakusikiliza hotuba hata moja ya Kano. Afrika ilithibitishwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020.

Hapa kwetu mkoa wa Songwe wengi walishangaa Machi 2022 wachanjaji walipopita nyumba kwa nyumba, wakati Tanzania haijaona mgonjwa wa polio tangu 1996. "Kwa nini sisi tu wa mpakani? Kwa nini bure?" Jibu lilikuwa jepesi, ila halikusemwa kwa sauti ya kutosha: mwezi mmoja kabla, Februari 2022, Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza mjini Lilongwe kwa kirusi chenye asili ya Pakistan, nasi tunapakana na Malawi kule Ileje. Ndiyo maana walioanza ni Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Septemba 2023 walirudi tena, safari hii kwa sababu ya mgonjwa aliyepatikana mkoa jirani wa Rukwa. Sababu haikuwa dini ya mtu wala kabila lake. Ramani ndiyo iliyoamua.

Na anayesema chanjo ni hila dhidi ya Waislamu ajiulize: kila hujaji anayekwenda Makka hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Anayeidai ni serikali ya nchi yenye Haramaini mbili.

Nimalizie upande huu na ndugu yetu mmoja wa Merka, Somalia, mji wa mwambao. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache. Hakuwa amechanjwa, ingawa alifanya kazi hospitalini, kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Akaugua ndui. Alipona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Baadaye alijitolea katika kampeni za polio nchini mwake, akiwaelezea wazazi waliositasita yaliyompata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo. Allah amrehemu.

DAWA YA MAGONJWA YOTE

Hapa ndipo ninapopoteza wagonjwa wengi zaidi, na mara nyingi kwa jina la dini.

Siku za mnada anakuja mtu na spika juu ya gari, anauza chupa moja inayotibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, ngiri, Ukimwi na kukosa mchumba. Mwingine anauza habbat sawda, anasoma hadithi sahihi kabisa juu ya faida yake, kisha anaunganisha na maneno yake: "acha vidonge vya hospitali." Hadithi tunaiamini. Lakini kile kipande cha kuacha vidonge, nani amekipokea kwa Mtume (s.a.w.)? Hakina sanadi, ni cha mwenye chupa. Mtume (s.a.w.) alimpelekea tabibu Ubayy bin Kaab (r.a.) alipougua, na tabibu akafanya kazi yake kwa kumchoma mshipa. Hakuona kuwa asali na habbat sawda zimefuta kazi ya tabibu.

Tumia habbat sawda katika chakula chako ukipenda, na umwambie mtabibu wako kuwa unaitumia. Ila mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini akiiacha, anaweza kuletwa kituoni ndani ya siku chache amepoteza fahamu, anapumua kwa kasi, pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Nimewapokea wa namna hiyo. Wengine tuliwawahi, wengine tulisaidia ndugu kuwapeleka kwenye maziko.

Tumesahau Loliondo upesi. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Waislamu na Wakristo, kutoka nchi nzima na nchi jirani, walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa, picha zikatoka magazetini, na picha hizo ndizo zikawa ushahidi. Wako waliofia kwenye foleni. Wako waliotolewa wodini na ndugu zao wakapakiwa kwenye magari. Na wako waliorudi wakaacha ARV kwa kuwa "wamepona", virusi vikarudi na nguvu mpya. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021, na hatuna haja ya kumsema vibaya marehemu. Ninachotaka uone ni jinsi sanadi ilivyokuwa: kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyepona. Ukimtafuta huyo wa mwisho mwenye vipimo vya kabla na baada, humpati.

Kuhusu Corona niseme machache. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, 2020. Baada ya kufikia wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu zikasimama kutolewa kuanzia Mei mwaka huo mpaka 2021. Penye ukimya wa wenye habari, wasio na habari ndio waliosema. Ikawa kila nyumba na nyungu yake, na kila mtu na idadi yake ya vifo. Chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilipotangaza wazi Januari 2021 kuwa kiongozi wao ana ugonjwa huo, kilifanya jambo ambalo wakati ule wengi hawakuthubutu. Alifariki tarehe 17 Februari. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera, lakini uvumi ulikuwa umetangulia zaidi ya mwaka, na uvumi uliotangulia haung'oki kwa siku moja.

BINTI YAKO NA FOMU YA SHULE

Jambo lililo mezani kwako leo, baba na mama, ni la mabinti. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa nchini kote tangu 2018. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hapa Saza na vijiji vya jirani wapo wazazi wanaomficha binti siku ya chanjo kwa kusikia kuwa inafunga kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwanamke akiipata, tiba yake mara nyingi ni kuondolewa kizazi au kuchomwa mionzi, na hapo ndipo uzazi unapopotea kweli. Wengine wanaona haya: binti yangu ana maadili, ya nini chanjo hiyo? Naam, na inshaallah ataolewa akiwa na maadili yake. Je, unajua alichonacho mwilini huyo atakayemuoa? Mume anaweza kuwa na kirusi hicho bila dalili yoyote na bila kujua.

Ukisikia neno juu ya chanjo hii au ugonjwa wowote, usiniamini hata mimi kwa kuwa nimeandika gazetini. Njoo zahanati, uliza, omba kuonyeshwa chupa, tarehe ya kuisha muda wake na kadi. Ukiwa mbali, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Imamu naye asikubali tangazo la dawa lisomwe baada ya swala ya Ijumaa mpaka amemwita mtabibu wa eneo akalisikia. Msikiti una sauti kubwa kuliko ya mnadani. Na ule ujumbe uliokuja usiku wa manane ukisema "tuma kwa watu kumi", uache hapo hapo ulipo. Kama ulishautuma, rudi kwenye kundi lile lile uandike kuwa si kweli, kwa herufi kubwa zile zile.

Maswali ya wachimbaji kuhusu zebaki tumeyapokea, hasa la kinamama wanaochomea dhahabu jikoni watoto wakiwa ndani. Tutayajibu toleo lijalo inshaallah. Kabla ya hapo, wachomee nje, mbali na nyumba, upepo ukiwapa mgongo.

Wabillahi tawfiiq.